Ripoti ya Refa Mstaafu

Miaka ishirini na sita nimetukanwa, kwa haki na bila haki.
Matusi ya Kaliua nayajua kwa lafudhi:
huanza taratibu, kama mtu anayekusalimia,
kisha humfikia mama.
Mama yangu, Bi Kalunde, hakuwahi kutazama mpira.
Nikirudi na shati limechanika begani aliuliza tu,
"Hivi hao wote hawana akili ya kugawana?"

Wiki nzima nilikuwa mteuzi wa tumbaku.
Jani hili daraja la pili. Hili limeungua.
Hili limelala na unyevu, halifai.
Mkulima alinitazama mdomoni
kama mgonjwa anavyomtazama daktari wa Kitete.
Jumamosi nilivaa nyeusi, kipyenga mkononi,
na mkulima yule yule yuko nyuma ya kamba,
analipiza msimu mzima kwa dakika tisini.

Posho ilikuja kwenye bahasha, na bahasha ilikuwa nyepesi.
Nimelala gesti za Uvinza, chumvi imeota ukutani.
Nimepanda treni ya Kigoma, behewa moja
na timu niliyoinyima penalti,
na toka Tabora hadi Malagarasi hakuna aliyenisemesha,
ila golikipa wa akiba, aliyenimegea muhogo.
"Kula," alisema. "Keshokutwa utachezesha tena."

Sasa Urambo.
Mvua. Dakika ya themanini na nane.
Mpira uligonga mwamba, ukashuka, ukazama topeni
pale ambapo chokaa ilikwisha kusombwa na maji.
Mstari haukuwepo. Nasema tena, mstari haukuwepo.
Nikapuliza.
Mkono ukaonyesha katikati ya uwanja
kana kwamba ni wa mtu mwingine.
Timu ya kiwanda cha chumvi ikashuka daraja,
kama jani.
Kwenye ripoti niliandika kwa wino wa bluu:
Mpira ulivuka mstari wote.
Kamati ilisifu mwandiko wangu.

Goti la kushoto ndilo lililonistaafisha.
Nilikabidhi vibendera viwili na kadi;
ile nyekundu ilikuwa imepauka hata ikafanana na udongo wa Isevya.
Kipyenga nilibaki nacho. Punje yake imekauka,
ukikitikisa hakisemi kitu.

Juzi, stesheni ya Tabora, natafuta asali ya kumpelekea mkwe,
nikaiona mikono kabla ya uso: mipana, kama sepetu.
Golikipa wa chumvi. Yule wa Urambo.
"Refa."
"Ntakije."
Akanipimia lita mbili,
akapangusa mdomo wa dumu kwa kidole, akakilamba.
Kisha, bila kuinua macho:
"Ulivuka?"

Nilikuwa na majibu ya miaka kumi na tisa, yote yamepigwa pasi.
Nikasema, "Sikuuona.
Beki wenu mrefu alinikinga.
Nilipuliza kwa sababu uwanja ulikuwa umeshashangilia."

Nyuki wawili walizunguka dumu, wakatua, wakaghairi.

"Mimi nilikuwa na tope machoni," akasema.
"Niliudaka kwa kupapasa. Ndani, nje, sijui.
Lakini nilikukimbiza mpaka kwenye gari, unakumbuka?
Na lile jiwe lilikuwa langu."

Nikagusa kovu, juu ya sikio.
Miaka yote hiyo jiwe nilimtwisha fundi baiskeli wa sokoni,
mtu mwenye macho makali.
Sijawahi kumpelekea hata pancha moja.
Nilisukuma baiskeli juani, mwendo wa nusu saa,
nimpite.

"Elfu ishirini," akasema Ntakije.
Nikampa. Hakunipunguzia.
Tukakaa juu ya gunia lake, tukiitazama reli
kama watu wawili waliogombea shamba
wakakuta ni la serikali.
Treni ya Mpanda ilikuwa imechelewa saa nne.
Watu walilalamika, watoto walilala juu ya mabegi.
Kisha mkuu wa stesheni akatoka ofisini,
akajifuta mdomo, akapuliza filimbi.

Hakuna aliyebisha.