Haitengenezeki

Miaka kumi na minane, mjini Łódź,
Bogumiła alikagulia bima hasara za watu:
sofa iliyolowa, jokofu lililoungua.
Muhuri wake ulijua neno moja tu:
HAITENGENEZEKI.

Machi, bomba lilipopasuka,
akaugonga juu ya kodiani
ya Zenon, dereva wa tramu.
Usiku ule hakulala.

Akainunua kwa bei ya vyuma chakavu,
akaifumua mezani, skrubu baada ya skrubu,
vilimi vyake akavipuliza
kwa mashine ya kukaushia nywele.
Sauti moja ikatoka,
mbovu, kama mbuzi mwenye mafua.
Akacheka peke yake.

Jumatatu akaurudisha muhuri.
"Utakula nini?" meneja akauliza.
"Mkate. Wa jana."

Kodi ya Juni bado.
Mlangoni wanangoja watu wawili
na gitaa lisilo na shingo.