Pimamaji

Mashine nimeikodi hadi saa kumi.
Desrosiers wa dukani amenionyesha mara mbili pa kuvuta,
mara mbili pa kuachia, kisha akaitazama mikono yangu
akaandika kwenye risiti: irudi safi.

Nyasi hizi hazikufa kwa jua.
Tuliziua sisi, polepole, kwa mapenzi,
majira ya baridi kumi na moja mfululizo:
mimi na mpira wa maji usiku wa manane,
tabaka juu ya tabaka, masharubu yakigandamana,
mpaka nyuma ya jiko letu, hapa Thunder Bay,
pakawa na ziwa dogo gumu lenye taa moja
na Kaija na Aaro juu yake wakikwaruza, wakikwaruza,
hadi Helvi agonge dirisha kwa kijiko.

Kila Mei barafu ilipojitoa
iliacha nyasi za rangi ya chai iliyolala,
zimelazwa upande mmoja kama nywele za mgonjwa.
Nami nikazirushia mbegu. Nikajidanganya.

Leo kisu kinapita chini ya mizizi
kama mkono chini ya shuka.
Inatetemeka ardhi, yanatetemeka meno.
Nyuma yangu ukanda unainuka; naukata kwa sepeto,
naukunja kama jamvi baada ya matanga,
naubeba begani, mzito
kama mtoto aliyesinzia garini
ambaye humwamshi, unampeleka tu kitandani.

Mikunjo arobaini na mitatu.
Nimeilundika kando ya banda, uso chini, ioze.

Chini yake, funza weupe
wamejipinda kama masikio yasiyo na vichwa.
Kunguru wamepata habari kabla ya jirani.
Kuna kigingi. Kuna kizibo cha chupa.
Kuna kisahani cheusi cha raba, mpira wa Aaro,
kile nilichoapishwa kwamba kiliruka uzio
kikavunja kioo cha gari la Kowalchuk.
Dola themanini nililipa, na mtoto akalala bila kula.
Hakikuruka popote.
Miaka yote kimekaa hapa, kimenyamaza na haki yake.

Nitampigia Edmonton jioni. Nitaanzia wapi?

Sasa udongo. Natifua, naokota mawe;
mawe ya huku hayaishi,
kila baridi ardhi inayazaa upya.
Samadi ya kondoo magunia sita.
Chokaa, maana karatasi ya kupimia imesema
umechachuka, na mimi sikuhitaji karatasi.
Reki kwenda, reki kurudi,
halafu lile pipa la kuviringisha, lililojaa maji,
linalolalamika kama mkwe.

Nalaza ubao, juu yake pimamaji.
Kipovu kinakuja katikati, kinatulia,
hakitikisiki.
Najisifu kidogo. Kisha nakumbuka:
barafu ndiyo itakayo tambarare.
Nyasi zataka mteremko, maji yaikimbie nyumba.
Miaka kumi na moja mikono imejua kitu kimoja
na imekifanya tena, vizuri kabisa, bila kuniuliza.

Basi naharibu.
Navuta udongo kutoka kwenye uzio hadi ukutani,
reki baada ya reki, mgongo ukinitukana,
nalaza ubao, naangalia. Bado.
Navuta. Naangalia.
Hatimaye kipovu kinaondoka katikati,
kinapanda taratibu,
kinaegemea upande wa nyumba.

Lori la nyasi mpya litafika kesho alfajiri,
kabla hazijapata joto ndani ya mikunjo yao.

Saa kumi na nusu. Nimechelewa.
Helvi anagonga dirisha kwa kijiko.
Naiosha mashine ya Desrosiers
kwa mpira uleule wa maji.
Tope linadondoka, linasita kidogo kwenye udongo mtupu,
halafu lenyewe, bila kusukumwa,
linaanza kuelekea kwenye uzio.