Mtu Mmoja, Yuleyule

Naapa, mbele ya wakili
ambaye ofisi yake iko juu ya duka la magodoro,
hapa Arua, umeme umekatika,
karani anagonga taipureta ya marehemu babake,
kwamba mimi ni mimi.

Andika, karani. Jina: Candiru.
Usitie h. Hutamkwa kama chai, lakini C husimama peke yake.
Maana yake taabu. Mama alinipa
mwaka watu walipokimbilia Kongo,
akanizaa kando ya njia, kitenge kikiwa pazia,
wapita njia wakigeuza nyuso kwa adabu.
Kwetu jina halikuwa la kurithi.
Kila mtoto alikuja na lake,
na lake lilisema nyumba ilikuwaje siku ile.
Baba Ondoga, kaka Dramadri, mimi Candiru:
hakuna aliyefanana na mwenzake,
na hakuna aliyepotea.

Andika tena: Ayiko.
Maana yake furaha. Ni jina la mume wangu.
Padri aliponiuliza, niliitika kabla hajamaliza.
Usinicheke. Wewe ungekuwa Taabu,
ukapewa Furaha bila malipo, ungekataa?
Nilijizoeza sahihi nyuma ya kadi za kliniki
mpaka mkono ukalisahau la zamani.

Bila malipo, nimesema? Futa hapo.

Andika barua ya mwenyekiti wa kijiji na elfu tano ya kuamsha muhuri.
Andika basi la usiku hadi Kampala, mara mbili,
kwa kuwa mara ya kwanza mashine ilikuwa imelala.
Andika tangazo katika gazeti la serikali,
gazeti ambalo sijamwona mtu akilisoma wala akifungia samaki.
Na kitambulisho kilipofika, miezi saba baadaye,
kilisema Ayikoru.

Ayikoru ni nani? Simjui.
Ana uso wangu, ana tarehe yangu ya kuzaliwa.
Mshahara wangu wa miezi minne ulimfuata yeye.
Sijui alinunua nini.

Mama alikufa Machi.
Alikuwa akiuza simsim sokoni,
na katika kitabu cha chama cha akiba, kwa mkono wa kuazima,
aliandikisha mrithi: Candiru.
Laki sita na elfu arobaini.
Binti wa dirishani, mpole kweli,
alizipanga karatasi zangu kama karata,
cheti cha shule, cheti cha ndoa, kitambulisho,
akasema, "Mama, hawa ni watu watatu.
Mwenye pesa ni yupi?"

Mume wangu yuko chini, ameshikilia pikipiki.
Haya imemjaa, ingawa si yeye aliyenituma.
Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajabadilika hata herufi.
Akiitwa, huitika.
Mimi nikiitwa, hungoja kwanza
nijue ni karatasi ipi inayoniita.

Na siko peke yangu. Mimi ni mkunga.
Juzi usiku mwanamke wa Vurra, nilipomuuliza jina,
alinishika mkono, jasho likimtiririka:
"Lipi, sista? La nyumbani au la kitambulisho?"
Mtoto alikuwa ameshatoa kichwa.
Nikaandika: Mama.
Asubuhi msimamizi akanirudishia kadi.

Haya, malizia kama mnavyomalizia:
kwamba Candiru, na Ayiko, na huyo Ayikoru,
ni mtu mmoja, yuleyule.
Sahihi? Nitie ya nani?
Lete wino. Nitaweka dole gumba,
kama alivyoweka Mama kila Ijumaa pale sokoni,
na hakuna aliyemuuliza yeye ni yupi.
Dole halijaolewa.

Ngoja. Usigonge muhuri.
Hebu sogeza karatasi dirishani nione.
Hapo juu, mstari wa kwanza,
umeandika Chandiru.