Niandike kwa Nani?

Mvua ya Valdivia haijui kupiga hodi.
Imeingia nasi dukani kwa Bi Nolfa,
imejaa kwenye ndoo ya miavuli,
imelowesha viti vya kuazima
vyenye nembo ya zimamoto mgongoni.
Tuko kumi na wanane, ukimhesabu mbwa.

Mwandishi ameshuka basi la Temuco saa kumi,
begi lake bado limeegemea rafu ya mapishi.
Juzi alikuwa Chillán, kesho Osorno:
kitabu kimoja, miji tisa, kikohozi kilekile.
Anasoma ukurasa wa arobaini na mbili
kama mtu asomaye bili ya maji ya jirani,
mpaka anamfikia yule mama anayeficha viatu vya mumewe.
Hapo sauti yake inaota miguu,
na hata mbwa anaacha kujikuna.

Kisha maswali. Bwana Leuquén, mwalimu mstaafu,
anasimama na swali lisilo na swali ndani yake,
dakika sita, kuhusu reli.
Baltazar Oyarce anatikisa kichwa,
anashukuru, anakunywa maji.

Foleni.

Mimi kazi yangu ni kwa wakili wa viapo, mtaa wa Picarte.
Kutwa nagonga mihuri
kuthibitisha kwamba fulani ndiye fulani,
kwamba mkono huu ndio uliotia sahihi hii,
kitambulisho nimekiona kwa macho yangu.
Jioni, mbele ya waandishi, nadanganya.

Sijui ilianzaje. Labda ukweli ulinichosha.
"Niandike kwa nani?" aliuliza yule wa kwanza,
mshairi mwenye pete tatu,
ulimi ukateleza: "Irma."
Leo rafuni kwangu wanaishi Irma,
Daktari Uribe, mjane Clorinda,
mapacha wawili ambao sikuwazaa,
na Sista Presentación, aliyetiliwa sahihi kwa heshima zote
kwenye riwaya yenye mapenzi kila ukurasa wa tatu.
Usiku wa baridi nawafungua mmoja mmoja,
nasoma heri walizotakiwa.
Chumba kimoja, wapangaji tele, kodi nalipa mimi.

Zamu yangu. Jina nimeshaliandaa: Graciela, mfuga nyuki.
Kalamu iko hewani. Ananitazama,
anaishusha.
"Goti linaendeleaje, Rebeca?"

Rebeca! Osorno, mwaka juzi.
Nilimfuata kwa basi nikamwambia
kwamba nilikuwa mcheza dansi,
goti likanisaliti.
Akaandika: Kwa Rebeca, jukwaa litakungoja.
Mikono mingapi ameshika tangu siku ile,
vyumba vingapi vya hoteli vyenye zulia la kunuka,
na muda wote huo amebeba goti langu
ambalo halijawahi kuuma?

Nyuma yangu mtu anaguna. Bi Nolfa anachungulia saa.
Ningeweza kusema limepona.
Ningeweza kuchechemea, kidogo tu.
"Ermelinda," nikasema, kwa sauti ya ofisini.
"Ermelinda Antilef. Goti halina neno.
Halikuwahi kuwa na neno."
Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba,
asiulize kitu. Akaandika polepole,
akapuliza wino.

Nikakifungua nje, chini ya kibaraza cha duka la viatu.
Kwa Hermelinda. Amenipa H,
herufi ambayo kwa lugha yetu haina sauti,
inakaa tu mlangoni mwa neno
kama mgeni asiyevua koti.
Hati yenye kosa hilo mimi huirudisha,
hata mteja akilia.

Kule mtoni simba-bahari wanabweka
wakidai vichwa vya samaki.
Nikakivika kitabu mfuko wa nailoni, nikakitia kifuani,
nikaenda zangu,
nikiwaza nimweke wapi huyu Hermelinda,
kando ya Irma, au karibu na sista.