Kuanzia Kulia

Vitabu vyetu husomwa kuanzia kulia,
na Tokie hupenda kusema, nusu mzaha, nusu uchovu,
kwamba hadithi za wanawake wawili
huanzia kulia na huishia kulia.

Yeye huchora nyuso. Mimi huchora yaliyobaki:
ngazi za stesheni ya Nagaoka, nyaya za umeme,
birika, theluji juu ya tandiko la baiskeli.
Miaka kumi na mmoja nimekaa ng'ambo ya meza yake,
nikifuta penseli wino ukishakauka,
nikijaza weusi pale alipotia alama ya mkato.
Jina langu hutoka ukurasa wa nyuma kabisa,
kwa herufi ndogo kama chawa:
Isogai Fumino, msaidizi.

Jumanne mhariri Kuramochi alipiga simu.
Sura ya mwisho, kurasa thelathini na mbili.
Mmoja afe, alisema, au aolewe.
Ugonjwa wa damu ungependeza,
na ua lidondoke dirishani.
Wasomaji wamezoea, wameshaandaa leso.
Tokie alijibu "ndiyo" mara sita,
na kila "ndiyo" ilimshusha bega.

Usiku ule hakuchora.
Alipasha supu, akaisahau jikoni.
Akatoboa mfuko wa barua za wasomaji
kama mtu anayekuna upele.

Moja iliandikwa kwa penseli,
na mama mwenye duka la dobi, huko Tsuruoka.

*Mwalimu, samahani kwa mwandiko.
Kitabu cha kwanza, kwa Sayo kuna kikombe kimoja kwenye sinki.
Cha tatu, viwili.
Cha nne, miswaki miwili katika bilauri moja,
na mmoja umemwegemea mwenziwe.
Cha sita, koti la Natsue limetundikwa kwenye msumari wa Sayo,
nao bado hawajaambiana neno!
Mimi niliishi hivyo miaka ishirini na minane
na fundi wangu wa pasi.
Mwenye nyumba tulimwambia ni binamu.
Asante kwa kutuona.*

Tokie aliisoma mara mbili.
"Sikuchora miswaki mimi," akasema.
Akavuta vitabu rafuni, kimoja baada ya kingine,
akazipisha nyuso zake mwenyewe,
akachungulia nyuma yake
kama mgeni anayetafuta choo kwenye nyumba aliyoijenga.

"Fumino. Kikombe hiki chenye ufa."
"Ndiyo."
"Ni changu."
Kilikuwa pale pale mezani, kimejaa kalamu.
Mkono wangu wenye raba uliendelea kufuta
ukurasa uliokwisha kutakata zamani.
"Tangu lini?"
"Kitabu cha tatu," nikamjibu,
kama niliyeulizwa bei ya karatasi.

Nje, jirani alikuwa anakwangua theluji, koleo likikwaruza lami.
Hakunikumbatia. Si mtu wa hivyo.
Alichukua karatasi mpya na rula,
akapiga fremu moja, kubwa, ukurasa mzima,
akaisukuma upande wangu wa meza.

"Chumba chao. Chora wewe."
"Na wenyewe?"
"Wametoka. Wamekwenda kununua maziwa."
Akafikiri, akipuliza wino uliokwisha kukauka.
"Na nanasi la kopo. Sayo analipenda."
Sayo hajawahi kula nanasi, katika vitabu vyote saba.
Ninayelipenda ni mimi.

Nikachora hadi kukakucha.
Rafu ya viatu yenye nafasi mbili wazi,
futoni moja haijakunjwa, tena imekunjamana vibaya,
bili ya gesi chini ya sumaku,
kikombe, kikombe,
na ndara jozi mbili zimegeuzwa kuelekea mlangoni,
tayari kwa miguu itakayorudi.

Tokie alikuwa amelala juu ya mkono wake,
shavuni alama nyeusi ya kidole changu;
sijui nilimgusa saa ngapi.

Saa tatu simu ikalia.
Tukaiacha ilie yenyewe.