Vijiko Sabini na Kimoja

Hesabu na wewe, Tunu, usiniamini mimi.
Daftari linasema sabini na viwili,
kabatini vimo sabini na kimoja.
Miaka kumi na tisa kila Juni naandika: kimoja hakipo.
Na kila Juni mkaguzi anagonga mhuri
kana kwamba kutokuwapo nako ni mali ya serikali.

Huu ufunguo wa chumba cha Mgeni.
Humu Ikulu Ndogo hatumtaji jina. Mgeni.
Wamepokezana, picha ukutani tumeshusha, tumepandisha,
msumari ni ule ule wa Mjerumani,
naye ni yule yule: Mgeni,
ijapokuwa nyumba ni yake
na sisi ndio tunaoingilia mlango wa jikoni.

Mashuka hubadilishwa kila Ijumaa, yamelaliwa, hayakulaliwa.
Hayalaliwi.
Utayafua, utayaanua, utayapiga pasi
hadi yatoboke.
Jozi nne nimezimaliza hivyo, kwa sabuni tupu.

Chumvi ya Raskazone inakula chuma.
Bawaba zipake mafuta ya nazi, si grisi;
grisi inanuka gereji.
Kile kiti cha kulia usikikalie.
Mimi nimekikalia mara moja,
usiku wa masika, paa lilipovuja juu ya kitanda,
nikakaa na ndoo mapajani hadi adhana ya alfajiri.
Hilo daftarini halimo.

Unataka kuniuliza kama nilimwona.
Nilimwona.
Ving'ora vilianzia Chumbageni,
watoto wakabwaga baiskeli mitaroni kukimbilia uzio.
Wali wa nazi, changu wa kupaka,
machungwa ya Muheza tumeyamenya ganda lisikatike.
Mwonjaji akaonja, akamwinamia kichwa mpishi Shemboko,
akarudisha mifuniko.
Yeye akaomba maji ya uvuguvugu na chumvi.
Sauti ilikuwa imemkauka uwanjani Mkwakwani.
Akakoroga mwenyewe, akasukutua,
akasema, "Mama, hapa pana upepo mzuri."
Dakika arobaini, basi.

Sisi Tanga tunasema waja leo, waondoka leo,
tukimcheka mtu aliyekuja kwa siku moja
akaoa, akajenga, akazikwa hapa.
Yeye aliichukua kama ratiba.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo nilivyofunzwa;
jembe langu nimelinoa utumishi mzima,
na hiyo siku ya pili sijaiona.

Shemboko alilia. Si kwa hasira.
Alikula wali ule peke yake, amesimama,
akaniambia umezidi chumvi kidogo.

Basi. Mapazia jozi kumi na moja, umeyaona.
Saa ya ukutani haitembei; itie ufunguo hivyo hivyo, ni desturi.
Kijiko usikitafute.
Kwangu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mjukuu akikauka koo namkorogea maji ya chumvi,
naye hugeuza mpini kwenye mwanga
akiuliza, bibi, hawa watu wawili walioshika pembe ni nani?

Weka sahihi hapa. Chini ya jina langu.
Andika wazi: sabini na kimoja.