Upana wa Beleshi Moja

Daugavpils, Mtaa wa Liepu, saa kumi na mbili kasorobo,
giza bado limejikunyata,
Velga anakwangua theluji.
Khaa. Khaa. Chuma juu ya zege,
kama mtu anayekuna ukoko sufuriani.

Mpaka wake unaishia kwenye nguzo ya taa.
Yeye huipita nguzo kwa upana wa beleshi moja,
kisha huegemea mpini, hupangusa kamasi, hurudi ndani.
Donats, mwenye upande ule, hajawahi kusema asante;
ila mwaka wa tatu alianzia pale Velga alipoishia
na kumalizia beleshi moja mbele, mlangoni kwa mwoka mikate.
Hakuombwa. Labda jicho lilizoea, mkono ukafuata.

Hivyo njia ikasogea, bila kikao, bila mwenyekiti,
mpaka kituo cha tramu.
Watoto waliozaliwa hapa hudhani
theluji hujiondokea yenyewe usiku.

Mimi naishi ghorofa ya tatu.
Tabia yangu ni kusikiliza.
Miaka kumi na tisa nimevuta blanketi hadi kidevuni
nikisema, kesho nitashuka nimsaidie,
na hiyo kesho nayo imenikwangua,
kidogo kidogo, upande wa ndani,
hata nikawa mtu anayefunga dirisha taratibu
asije akajulikana yu macho.

Februari hii, kimya.
Velga amevunjika nyonga, yuko kwa bintiye Riga.
Mtaa mzima ulichelewa kazini:
kumbe ile khaa ndiyo iliyokuwa saa yetu.
Tramu ilingoja, ikaondoka tupu.

Siku ya pili nilishuka. Beleshi lake limesimama nyuma ya mlango,
mpini umebonyea mahali pawili,
pa kulia pamechimbika kama kijiko.
Vidole vyangu havikuenea humo.
Nilikwangua vibaya. Nilimwaga theluji nilikokwisha kusafisha.
Malengelenge mawili kabla sijafika nguzoni.

Hapo nikasimama.
Sikuwa na wema moyoni, niseme kweli;
nilikuwa na baridi, na njaa, na aibu ya siku nyingi.
Juu, ghorofa ya pili, pazia likacheza:
mtu yu macho, anasikiliza.

Nikaongeza moja.